Debe Uliloniletea Kutoka Mgodini

Mwanangu mpenzi Shija,

Marahaba, maana najua popote ulipo umeshaniamkia. Ni mimi mama yako ninayeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, si mkono wa mwalimu wa dini kama siku zote. Ukiona herufi zinapanda mlima na kushuka usicheke. Nilifundishwa kuandika wakati ule wa kujiandaa kwa ubatizo, na tangu hapo mkono huu umeshika mpini wa jembe kuliko kalamu. Kwa nini sikumwita mwalimu, utaona mbele.

Baba yako anakusalimu sana. Mguu wake umepona, anatembea, ila maneno yamempungua. Anakaa mlangoni anasuka mgono wa kutegea samaki, akiumaliza anaufumua, anaanza tena. Bibi yako anakusalimu, bado anauliza kama huko mgodini mnalala chini ya ardhi kama fuko. Doto anakusalimu pamoja na mtoto wake ambaye hujamwona; ameanza kukaa, na paji la uso amechukua la kwako. Pacha wake Kulwa kule Didia alileta salamu wakati wa kuvuna pamba, anasema shemeji yako amenunua baiskeli na hajui kuipanda. Yule mbuzi mweusi uliyemwacha na mimba amezaa wawili. Jirani yetu Mama Limi naye anakusalimu, ingawa siku hizi salamu zake hazinishuki vizuri kooni.

Mbwa wako Simba hakusalimu.

Na shangazi yako Nkwimba, Sengi wako, nilipomwambia naandika barua aliendelea kupepeta mtama, halafu akasema, "Mwambie akija asile samaki." Basi. Salamu hakutoa, na wewe unajua alivyo mtu wa salamu.

Watu wakiandika barua husema huku sote wazima, wasiwasi ni juu yako tu. Mimi sijui niseme vipi. Wasiwasi uko huku, na juu yako upo pia, na nikijaribu kutazama umeanzia upande gani kichwa kinazunguka.

Nianze na lile ninalolijua. Unaikumbuka siku ya utupa? Sikukumbushi kwa kuwa umesahau. Nataka nione tena kila kitu kilivyokuwa kikifanyika sawasawa, kabla sijafika pale ninapochanganyikiwa.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mto umekatika, yamebaki madimbwi. Mwanangwa wetu, kwa ukuu wake wa kijiji, anatangaza siku, kijiji kizima kisikie. Ng'ombe hawapelekwi tena kwenye dimbwi kubwa la mawe. Alfajiri Sengi anakata majani ya utupa kwenye vile vichaka vyake vya maua ya zambarau nyuma ya nyumba, yeye na si mwingine, kama mama yake kabla yake. Wanawake wanatwanga juu ya jiwe lile lenye mashimo. Maji ya utupa yanamwagwa dimbwini, yanakuwa kijani, na baada ya muda samaki wanapanda juu wamelewa, wanageuza matumbo. Tunaingia na matenga, wazee kwa watoto. Tunakula, tunakausha, na hakuna aliyewahi kuumwa hata jino. Kesho yake maji ni maji tena.

Lakini kabla ya kumwaga, kulikuwa na samaki wa mbegu. Sengi alichagua wakubwa wachache, majike na madume, akawatia kwenye vyungu vya maji safi, wakapelekwa dimbwi la juu ambalo haliguswi. Mwaka ule ulipong'ang'ania kubeba chungu, nilisema mtoto huyu mdogo, Sengi akasema, "Mwache, baba yangu huyu ana shingo ngumu." Ukafika kwenye ule mteremko, ukateleza, chungu kikavunjika, kambare akaruka kwenye majani. Ukamlalia kwa tumbo, mikono umeitanua, unalia, humwachi. Tulikukuta hivyo. Sengi alicheka mpaka akakaa chini. "Njooni muone, mtoto ameotamia kambare!" Wakakuita Mwotamiaji mpaka ukaota ndevu. Samaki yule alifika dimbwi la juu mzima. Alikuja Sengi mwenyewe akamchukua kwenye khanga, na wewe ukakimbia nyuma yake ukiuliza, "Sengi, anapumua? Sengi, anapumua?"

Nakuona bado unavyokimbia.

Sasa nije kwenye debe. Likizo yako ya mwisho ulifika na mzigo begani, nikafikiri ni nguo, kumbe ni debe la bati, lenye kifuniko kinachobana kuliko kifuniko chochote nilichowahi kukiona. Lilikuwa na karatasi imebandikwa ubavuni, umeibandua, imebaki kona moja nyekundu. Ukasema, "Mama, hili wanalitupa tu kule. Nimeliosha mara tatu. Lakini usitie maji ya kunywa, wala chakula. Tia dawa ya mbuzi." Nikasema wabeja, asante sana, mwanangu. Nilijivuna nalo, sikufichi. Mama Limi alikuja kuliazima, nikamwambia limejaa, na halikuwa limejaa.

Jioni ile ulikaa na baba yako mkizungumza juu ya kazi, nami nikasikiliza huku nasonga ugali. Ulisema mawe yanasagwa kwenye kinu mpaka yanakuwa uji wa kijivu, uji ule unatiwa dawa, na dawa inatoa dhahabu ndani ya jiwe kama maji yanavyotoa chumvi kwenye udongo. Nikauliza, "Na uji ukishatolewa dhahabu, nani anaula?" Mkacheka wote wawili. Ukasema, "Haulwi, mama. Tunaumwaga bondeni, kuna tuta kubwa limejengwa kuuzuia." Nikauliza, "Na mvua ikinyesha?" Ukasema, "Mama, wazungu wamepima." Nikaona aibu kuuliza zaidi mbele ya mtu anayevaa buti.

Ndiyo, mwanangu, sasa ninalazimika kuuliza zaidi.

Mvua za kwanza zilipoanza mwaka huu zilianzia huko kwenu milimani. Sisi tuliona radi tu. Mto ukaanza kutembea kidogo kidogo, madimbwi yakashikana, samaki ningu wakaanza kupanda kwenda kuzaa. Huu ni wakati ambao hakuna anayegusa utupa, hata mlevi anajua. Siku ya Jumamosi wale mbuzi wadogo walikuwa wamejaa kupe mpaka masikioni. Nikaenda kwa Sengi nimwombe majani machache, sikumkuta, nikakata mwenyewe. Mashada mawili, Shija, hayafiki matatu. Nikayaponda, nikayaloweka kwenye debe lako, nikawaosha mbuzi, kupe wakaanguka. Halafu jioni, jua bado lipo, nikaenda kivukoni nikamwaga yaliyobaki, nikalisuuza debe mtoni, ndani na nje, na kifuniko chake.

Jumapili asubuhi samaki walikuwa juu.

Si wa dimbwi moja. Mto mzima, tangu kivukoni kushuka mpaka kwenye mashamba ya pamba, matumbo meupe kama mtu ametandaza nguo. Ningu, kambare, perege, hata kamongo, ambaye utupa humsumbua mara chache. Watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja mtoni na nguo zao nzuri. Kelele, vicheko! Mama Limi alikuwa amejaza tenga tayari. "Nani ametia utupa bila kupiga yowe?" anauliza huku anaokota. Mwingine akajibu, "Nani mwingine? Nkwimba ameona uzee unamjia, ameamua ale peke yake!" Na Sengi yuko palepale, amesimama na fimbo yake, akasema, "Mimi? Kwa magoti haya nimetwanga utupa wa mto mzima? Basi nikopesheni magoti yenu, nimalizie na ziwa!" Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mimi pia niliokota, Shija. Niliwatazama samaki, nikatazama mikono yangu, nikaokota.

Lakini Sengi hakuokota. Alichota maji kwenye kiganja, akayanusa, akayamwaga. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, utupa hufanya maji kuwa kijani. Haya yana rangi ya majivu." Nikamwambia labda ni tope la mvua. Nilimjibu haraka mno.

Adhuhuri Doto alitapika, na bibi yako akapata kizunguzungu, wakapumzika, wakapona. Simba alikuwa amekunywa maji kivukoni na kula matumbo ya samaki tuliyotupa. Alianza kutetemeka miguu, akaenda kulala pale ulipozoea kukaa, chini ya dirisha, na hakuamka. Ndama wawili wa Mama Limi walikufa palepale majini, midomo imelowa. Hapo vicheko vikakatika. Samaki wote waliotandazwa juani wakazikwa. Na mtu aliyekwenda dimbwi la juu alirudi akasema huko nako ni hivyohivyo. Samaki wa mbegu wote. Wale wa miaka yote.

Tangu siku hiyo wiki mbili zimepita. Hakuna anayetega mgono, hakuna anayeingiza tenga. Tunakula ugali na mlenda, asubuhi na jioni. Ng'ombe wanapelekwa mbali, maji ya kunywa tunachimba mchangani, na hata hayo tunampa kuku kwanza. Watoto wanauliza samaki watarudi lini.

Na Sengi wako ndiye anayebeba. Walianza kwa kusema ametia utupa wakati usio wake. Halafu wakasema utupa haujawahi kuua ndama, kwa hiyo amechanganya na kitu. Halafu likaja lile neno ambalo sitaki kuliandika, unalijua. Vijana wamekwenda kung'oa vichaka vyake vyote, na mizizi. Yeye alikaa kwenye kigoda akawatazama, akawaambia, "Ng'oeni na kile cha pembeni, mmekisahau." Mama Limi alipita akatema mate mbele ya mlango. Huyu Mama Limi ambaye mtoto wake wa kwanza alipokelewa na mikono ya Sengi! Mwanangwa amesema Ijumaa ijayo ni baraza, na baada ya baraza aondoke, arudi Kishapu kwa watu wa marehemu mume wake. Kishapu hakuna aliyebaki wa kumpokea. Wewe unajua walivyomfukuza kule, alikuja hapa na sufuria moja na nguo aliyovaa. Baba yako ni ndugu yake wa tumbo moja, lakini akisema neno wanamwambia, "Na wewe uliwala samaki wake." Basi anasuka mgono.

Mimi ninayejua kwamba vile vichaka viliguswa na mkono mwingine Jumamosi ile, nimenyamaza. Kila siku nasema kesho nitasema. Nampelekea Sengi uji, anakunywa, ananishukuru, naondoka. Sasa unaona kwa nini mwalimu hakuweza kuandika barua hii.

Juzi sikuvumilia. Nilimwambia baba yako nakwenda kutafuta kuni, nikafuata mto kwenda juu. Nilipita kivuko, nikapita dimbwi la mbegu, nikaenda mpaka ule mlima wenu ukaonekana mkubwa. Nilitaka nione kama juu zaidi hata ya dimbwi la mbegu, mbali ambako maji ya debe langu hayawezi kabisa kupanda, samaki ni wazima. Mwanangu, hawakuwa wazima. Walikuwa kwenye mawe, wamekauka, wengi kuliko huku kwetu. Na ukingoni palikuwa na tope laini la kijivu, halina mchanga, kama unga wa muhogo ulioloweshwa. Ukilikanyaga halina harufu ya tope.

Nikakaa kwenye jiwe nikasema, Mungu asante, si mimi. Nilisema hivyo kwa sauti.

Kisha nikakumbuka kwamba samaki aliyelewa utupa hukimbilia juu, anatafuta maji mapya. Huenda walilewa huku kwangu wakakimbia, wakafia kule. Nikawaza tena, kwa mashada mawili? Nikawaza, si mashada, ni debe, ni ile dawa iliyokuwamo ambayo mwanangu aliosha mara tatu, labda ilitaka mara nne. Nikawaza ule uji wa kijivu na lile tuta na wale waliopima. Na hapo, Shija, ile asante yangu ikanigeukia. Maana kama si mimi, ni nani? Ni nyinyi. Ni wewe, unayekwenda kila siku kwenye matangi ya ile dawa, unayefungua na kufunga, unayeleta nyumbani debe ili mama yako apate. Nikiwa pale juu ya jiwe nilitamani iwe ni mimi. Bado natamani. Mimi nimeshazeeka, naweza kusema mbele ya watu nilisuuza debe vibaya. Lakini wewe uliyelala juu ya kambare ukilia asife, nitasemaje kwamba mto umekufa kwa kazi yako?

Labda nimekosea yote. Sijasoma, sijui dawa inavyotembea. Labda kuna jambo la tatu ambalo wewe unalijua, ukilisema tutacheka kama tulivyocheka siku ile ya nani anaula uji. Ningefurahi sana kuchekwa.

Na kuna hili ambalo linanichoma kuliko samaki. Kama maji yaliyomwagika na kuchanganyika na mvua yameweza kuangusha ndama, wewe unayeisogelea dawa yenyewe je? Ulipokuja uliniambia kichwa kinakuuma asubuhi, nikasema ni jua. Ulikuwa na vidonda kwenye vidole, nikavipaka mafuta, nikasema ni mawe. Kila kitu nilikipa jina la kitu ninachokijua. Unakula vizuri? Unanawa kabla ya kula? Usinywe maji ya bondeni hata kama wenzako wanakunywa. Nimekushonea soksi za kuvaa na yale mabuti, moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, zivae tu.

Barua hii naituma kwa mkono wa Mzee Rashidi muuza nguo, anayekuja kwa baiskeli sokoni kwetu na kwenye kambi zenu. Ni mtu wa kuaminika, hakuuliza kwa nini nimeifunga na kuishona kwa uzi. Anasema Alhamisi atarudi kupitia huku. Ukiweza mpe jibu lako mkononi, asimpe mtu mwingine, na wakubwa wako wasijue, maana sitaki ukose kazi kwa ajili ya mdomo wangu.

Usiandike mengi. Andika maneno matatu tu. Kama ni debe, andika: Mama, ni wewe. Kama si debe, andika: Mama, si wewe, na hilo jingine nitalielewa bila kuandikwa. Hapo nitajua la kusema mbele ya mwanangwa, na nitajua pia la kukuomba wewe, maana ikiwa ni mgodi nitataka urudi nyumbani, na ukikataa nitakuja mwenyewe na hii miguu.

Alhamisi jioni nitakuwa kivukoni namsubiri Mzee Rashidi. Akipita mikono mitupu, Ijumaa nitakwenda barazani na debe kichwani, nitaliweka mbele ya watu wote, niseme mashada niliyakata mimi, debe nililisuuza mimi, Nkwimba hajui lolote. Nimeshaamua, hata kama huenda ni uongo. Nimeikwangua ile kona nyekundu ya karatasi, ili asiwepo wa kuuliza debe limetoka kwa nani.

Kwa hiyo jibu upesi, mwanangu, Mzee Rashidi akiwa bado anafunga mzigo wake. Hata kama mkono umechafuka, usingoje kunawa. Andika.

Ni mimi mama yako anayekuwaza,
Mama Kulwa